Vitanga vya Mikono

Wapendwa, neno la juma hili ni Isaya 49:15-16. Bwana auliza kama mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, kisha asema, "Tazama, nimekuchora katika vitanga vya mikono yangu."

Nyumba nyingi hapa Malindi zina picha ya zamani ukutani: mama kakaa mkekani, mtoto mapajani, wala hawana habari kwamba wanapigwa picha. Ukuta wa upande wa bahari hunyonya unyevu. Masika yakiingia, jelatini ya picha, ule utando wa juu unaobeba taswira, hulainika, ikagandana na kioo cha fremu. Wengi huharibu hapo: wanaibandua, na uso wa mtoto unabaki kiooni. Iache. Ipige kwa simu ikiwa ndani ya kioo chake, kando ya dirisha lisilopigwa na jua, flashi umeizima, na kanga nyeusi nyuma yako ili kioo kisimetemete.

Picha isiyoganda ishikwe kingo tu. Jasho na mafuta ya vitanga vyetu huacha alama, na ukungu hupenda kuanzia papo hapo. (Vitanga vya Bwana vyahifadhi, vyetu, mh!) Nyuma andika jina na mwaka kwa penseli laini, maana wino wa kalamu hupenya hadi mbele. Tia kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki unaofungia unyevu ndani, uweke kabatini mbali na ukuta. Laminesheni, kule kuifunika picha kwa plastiki ya moto, msithubutu: ikishapita kwenye joto lile, haitoki tena.

Kisha nakala zikae mbalimbali. Mwaka 1958 Jacques Lowe aliipiga picha familia ya John F. Kennedy, wakati huo seneta, nyumbani kwao Hyannis Port, Marekani. Katika moja, binti yao Caroline, hajatimiza hata mwaka, ametia kinywani lulu za mama yake. Negativu za Lowe za familia hiyo, yaani filamu za kusafishia picha, kiasi cha 40,000, zilihifadhiwa katika sefu ya benki pale World Trade Center, New York. Ziliteketea Septemba 11, 2001. Zilizosalia ni karatasi za picha ndogondogo za kuchagulia, kwa kuwa zilikuwa kwingine. Sefu ya benki, jamani! Basi nakala moja ibaki simuni, nyingine kwa ndugu wa Mombasa.

Zile zisizo na jina nyuma, mpelekeeni bibi mkongwe wa mtaa kungali mchana, aone vizuri. Asipomtambua mtoto, andikeni "mtoto, Malindi", kisha msomeeni aya ya 15 kwa sauti, mpaka pale panaposema "hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe."