Bar 0.8 kila asubuhi: presha iliyoninyima usingizi

Presha ya maji ya kupasha nyumba yangu joto imekaa! Leo siku ya nne, kila asubuhi sindano ya manometa (kipima presha) iko palepale kwenye 1.0 na ndoo chini ya supapu ya usalama imekauka kabisa. Naandika sasa hivi, kabla kitu kingine hakijaharibika.

Kwa ambaye hakufuata tangu mwanzo: nyumba ni ile ya matofali hapa Lubumbashi, haina ghorofa. Radiata nne za chuma za zamani, boila ya umeme ya kilowati 6, maji jumla kama lita 90. Wanaouliza joto la nini Afrika, waje walale hapa mwezi wa saba. Mbabula, jiko letu la makaa, nilikwisha kuipiga marufuku chumbani mwa watoto. Gesi ya makaa haina rangi wala harufu, na chumba kikifungwa mtu anaweza kulala asiamke. Mradi wote ulianzia hapo.

Mabomba nayaruka, mnayajua. Niseme tu kwamba ninaishi mji wa shaba, dohani ndefu ya kiwanda naiona nikiwa uani, halafu bomba la shaba nimenunua la kutoka ng'ambo kwa bei ya kutoa machozi.

Sasa presha. Asubuhi, maji yakiwa baridi, najaza hadi bar 1.2. Nawasha. Maji yakikaribia nyuzi 75 sindano imeshapanda hadi 3, supapu inafunguka, ndooni yanaingia maji karibu robo tatu ya lita. Kesho yake yamepoa, nasoma 0.8. Najaza tena. Wiki mbili! Nilifungua viungo ambavyo havikuwa na kosa lolote, nikapangusa kila kona kwa karatasi kavu nikitafuta unyevu. Kijana anayenisaidia akaniuliza, "Yaya (yaani kaka), hii mayi inapotelea wapi?" Nikamwonyesha ndoo. Akasema basi tuizibe supapu kwa bushoni, yaani kizibo, yaishe.

Nilimpandishia sauti, na bado sijutii. Maji yaliyofungwa chini ya presha yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Chombo kikipasuka, kila lita inayogeuka mvuke inakuwa zaidi ya lita elfu moja, kwa mara moja. Supapu haizibwi, haiwekewi robine (koki) kabla yake, na bomba lake linateremka hadi mahali unapoona likidondosha bila kumwunguza mtu. Supapu yangu ilikuwa inafanya kazi yake. Mjinga alikuwa mwingine.

Nilishuku mapema tangi la upanuzi, lile linalopokea maji yanayoongezeka yakipata joto. Mafundi wa hapa huliita vaze, na mke wangu kwa siku kadhaa alidhani nalalamikia vazi. Ni la lita 8: utando wa mpira katikati, maji upande mmoja, hewa upande wa pili, na kivalvu kama cha tairi. Nilibonyeza sindano yake, ikatoka hewa bila maji, kwa hiyo mpira haujachanika. Nikapima: 1.2. Nikapima kesho yake: 1.2. Nikafurahi, nikahamia kwenye kushuku vitu vingine.

Mnaona kosa? Manometa ya boila 1.2, ya tairi nayo 1.2. Lazima zilingane! Maji yalikuwa yanausukuma mpira, nami nilikuwa napima presha ya maji kupitia hewa. Hewa ya awali hupimwa upande wa maji ukiwa hauna presha kabisa. Na kila nikipima nilikuwa naipunguza kidogo.

Jumamosi nikazima, nikasubiri yapoe, nikatoa maji hadi manometa ya boila ikasoma sifuri, robine ya kutolea ikibaki wazi. Nikapima vaze. Sindano haikutikisika. Sifuri! Lita 90 zikipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 75 zinaongezeka zaidi ya lita 2, na hapakuwa na mto wa hewa wa kutosha kuzipokea. Nikatia hewa hadi 0.7, nikafunga robine, nikajaza maji hadi 1.0, nikatoa hewa kwenye radiata zote, nikawasha. Ilipanda hadi 2 kasoro kidogo, ikasimama. Nilikaa mbele ya sindano ile kama mtu anayetazama penalti.

Pampu ni ya baiskeli ya mwanangu. Kompresa acheni, hewa ya chombo kidogo namna hii inazidi kabla hujageuka. Ila manometa nunueni nzuri. Ile ya kwanza niliyoichukua soko la Kenya, hapahapa mjini, ilianza kusoma kwenye 1, chini ya hapo ni ramli. Na kwenye viungo vya kuskrubu mimi ni mtu wa katani na pasta. Utepe wa teflo, ukirudisha kiungo nyuma robo mzunguko, imekufa.

Mpira wa kujazia nimeuchomoa, maji ya radiata yasirudi kwenye maji ya kunywa. Baada ya hapo ilikuwa nitie dawa ya kutu (maji mapya ya wiki mbili yameleta oksijeni ya kutosha humo ndani), halafu nivishe mabomba yasipoteze joto. Sijafanya. Jana mchana niligusa mpira mweusi uliolala uani, ukaniunguza. Kiangazi chetu ndivyo kilivyo, usiku meno yanagongana, mchana hakuna hata wingu. Nimeshachora kipashio cha maji cha jua, cha kuweka juu ya bati.

Boila ya kuni niliikataa kwa sababu haina swichi: umeme ukikatika pampu ya kuzungusha maji inalala, moto unaendelea. Boila ya umeme na pampu vinazimika pamoja. Usiku nikiwa kitandani ndipo nikakumbuka kwamba jua nalo halina swichi. Kwa hiyo kipashio kitakuwa na mzunguko wake peke yake, supapu yake, na vaze kubwa zaidi. Kesho natafuta la lita 18. Dawa ya kutu bado iko kwenye chupa.