Swali la pale getini

Ebola ilifika Goma, mji wetu wa mashariki mwa Kongo, tarehe 14 Julai 2019. Kabla ya hapo ilikuwa habari ya Beni na Butembo, jambo la kusikiliza redioni jioni na kutikisa kichwa. Siku ile wakatangaza kwamba mchungaji aliyekuja kwa basi kutoka Butembo amekutwa nayo, na mji ukabadilika usiku mmoja. Kila mlango ukawa na ndoo ya maji ya klori. Kila kizuizi kikawa na kijana wa kukulenga paji la uso kwa kipimajoto. Na maswali yakawa yale yale kila uendako: Una homa? Unatapika? Unaharisha? Unatoka damu mahali popote?

Mwezi uliofuata niliona damu chooni.

Haikuwa nyingi. Mstari mwekundu tu, kama uzi uliodondoka. Mimi ni fundi cherehani, uzi mwekundu naujua. Nikamwaga maji, nikatoka, nikarudi kazini kumalizia sketi ya mteja. Lakini kesho yake ilikuwepo tena, na wiki iliyofuata tena.

Nilikuwa na sababu mbili za kunyamaza. Ya kwanza kila mwanamke wa rika langu anaijua: mambo ya choo hayasemwi, hasa mama mjane mwenye watoto wakubwa. Ya pili ilikuwa ya Goma ya mwaka ule. Mtu akisikia neno damu aliona watu waliovaa nguo za plastiki na gari la kumpeleka kwenye kituo cha Ebola, na majirani wakitazama kupitia nyufa za mbao. Nilijua kuwa sina Ebola. Ebola haimkai mtu miezi mitatu huku anakanyaga cherehani. Lakini nani angenisikiliza nikimaliza kueleza?

Basi nikajitibu. Nilimwambia muuza dawa kwamba nina amiba, akanipa metronidazole. Mama mmoja wa sokoni akaniambia ni bawasiri, akaniuzia mizizi ya kuchemsha na kuingiza nyuma kwa bomba la mpira. Nilifanya hivyo mara nne. Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu najua wako wanaofanya hivyo hata leo wakiamini wanajiponya, na ndani kuna kitu kinaota.

Futi yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kusema ukweli. Desemba nilijipima kiuno ili nijishonee gauni la Noeli, nikapata 94. Machi nikapata 86. Choo kilikuwa kimeanza kuwa chembamba kama penseli, siku tatu hakuna, siku ya nne maji matupu. Nikabadilisha fundo la kitenge, nikalivuta ndani zaidi.

Machi hiyo ndipo Korona ilipokuja. Mgonjwa wa kwanza wa nchi alitangazwa Kinshasa tarehe 10. Baada ya siku chache shule, vyuo na makanisa vikafungwa, kisha mpaka wa Rwanda ukafungwa. Kwetu mpaka huo ni barabara ya kwenda kwa ndugu. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ameolewa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Kabla ya hapo alikuwa akivuka kwenye kivuko cha Petite Barrière asubuhi na ndoo ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, akinywa chai kwangu, akirudi kwake kabla ya giza. Sasa kutoka juu ya kilima ningeweza kuona mabati ya mtaa wake, na nisiweze kumfikia.

Mwanangu wa pili alirudishwa nyumbani kutoka chuo. Alikuwa na miaka 20. Alichota maji, alipika, alikata vitambaa. Kwa maana kazi haikukosa: mji mzima ulitaka barakoa, kashene kama tunavyosema kwetu. Vitambaa viwili, mikunjo mitatu, lastiki kwenye masikio. Lastiki iliadimika sokoni hadi tukaanza kuchana mikanda ya sketi za zamani. Nilishona nikiwa nimejikunja, maana nikinyooka tumbo lilivuta. Aprili, zikiwa zimebaki siku mbili tu Ebola itangazwe imekwisha, mgonjwa mpya akapatikana Beni. Ndoo zikabaki milangoni, na maswali yakabaki.

Mei, tumbo likafunga. Siku tatu sikupata choo wala hewa. Futi ikasoma 101, na ngozi ya tumbo ikang'aa kama ngoma. Usiku wa tatu nikaanza kutapika maji ya kijani, kisha ya kahawia yenye harufu ya kinyesi. Mwanangu akaita moto, pikipiki ya kubeba abiria kama tunavyoiita kwetu, akanipandisha katikati, yeye akakaa nyuma amenishika. Mtu asiyeijua Goma hawezi kuelewa safari ya pikipiki juu ya mawe ya volkano ukiwa na tumbo lile. Kila jiwe nalikumbuka.

Getini palikuwa na ndoo, taa moja, na muuguzi aliyesimama nyuma ya kamba. Akanipiga kipimajoto: 38 na pointi mbili.

"Mama, unatapika?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Unatoka damu mahali popote?"

"Hapana."

Nilisema hapana. Nimefika mlangoni pa hospitali, nakaribia kufa, na bado nikasema hapana.

Mwanangu alikuwa amenishika kwapani. Nilihisi mkono wake ukikaza. "Mama, sema," akanong'ona. Nikanyamaza. Akamgeukia muuguzi, akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwa mlinzi: "Anatoka damu chooni. Tangu mwaka jana."

Yeye ndiye aliyekuwa akinichotea maji ya chooni. Ndiye aliyekuwa akifua ndoo ya vitambaa vyangu pale nilipochoka. Alikuwa amejua muda wote, na alinyamaza kwa sababu mimi nilinyamaza. Mtoto wa kiume atamwulizaje mama yake swali kama hilo?

Watu wote wakarudi nyuma hatua mbili. Mwenye moto akawasha pikipiki, akaenda bila kudai nauli.

Nikatengwa kwenye chumba cha turubai. Aliingia mtu aliyefunikwa mwili mzima, jina lake limeandikwa kwa kalamu nene kifuani ili tumjue ni nani. Nikatolewa damu ya kupimwa Ebola, nikachokonolewa pua kwa ajili ya Korona. Kisha tukangoja. Walinitia maji ya mshipa na mpira wa puani uliovuta yale ya kahawia, wala hawakunitupa. Lakini hakuna ambaye angefungua tumbo la mtu mwenye dalili zile kabla jibu halijafika. Sikuwalaumu usiku ule na siwalaumu leo. Homa, kutapika, damu: hata mimi ningerudi nyuma. Ninachokiwaza ni Agosti, nilipokuwa na nguvu, sina homa, na maneno mawili yangenitosha.

Asubuhi majibu ya Ebola yakaja: hakuna. Daktari wa upasuaji akaja naye, mtu mpole mwenye macho mekundu ya usiku. Akanibonyeza tumbo, akatazama picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Mama, utumbo mpana umezibwa upande wa kushoto, chini. Nadhani ni uvimbe. Tukichelewa utapasuka." Akaeleza kwamba huenda asiweze kuunganisha utumbo siku hiyo hiyo, kwa kuwa umevimba na mchafu, atakata sehemu mbaya, mwisho wa chini ataufunga na wa juu atautoa nje ya ngozi, kinyesi kipitie hapo kwa miezi kadhaa. Nikaweka dole gumba kwenye karatasi ingawa najua kuandika. Mkono ulitetemeka mno.

Fedha za kuanzia zilitoka kwenye likelemba yetu ya mafundi, mchango wa kupeana kwa zamu. Zamu haikuwa yangu. Akina mama walinipa bila mjadala, wakazituma kwa simu. Damu ilikuwa ngumu zaidi, watu waliogopa hospitali kuliko ugonjwa. Mwanangu alitoa chupa moja. Ya pili aliitoa yule mwenye moto, aliyerudi kujua kama ni Ebola aliyombeba. Alipoambiwa siyo, alikunja mkono wa shati.

Upasuaji wenyewe siujui. Najua taa ilizimika nikiwa mezani kabla ya sindano, jenereta ikanguruma, taa ikarudi, na sauti nyuma ya barakoa ikasema, "Sali kimoyomoyo, mama."

Nilipoamka niligusa tumbo. Kulikuwa na bandeji katikati, na kushoto kifuko cha plastiki chenye joto. Muuguzi alipokibadilisha nilijilazimisha kutazama. Kitu chekundu, kinyevu, cha ukubwa wa kifungo cha koti, laini kama ndani ya shavu. Alikigusa kwa pamba, sikusikia chochote. Huo ndio utumbo wangu, ulinitazama nami nikautazama.

Kwa sababu ya Korona kila mgonjwa aliruhusiwa mtu mmoja tu wa kumwuguza, na huyo huyo hadi mwisho. Kwa desturi angekuwa yaya. Yaya alikuwa ng'ambo, akilia kwenye simu. Basi mwanangu ndiye aliyenigeuza na kunipa uji kwa kijiko, na siku ya tatu, muuguzi alipozidiwa na kazi, ndiye aliyejifunza kunisafisha. Mara ya kwanza nilijifunika uso kwa kitenge. Alifanya kazi taratibu, maji ya uvuguvugu, kitambaa, akikausha ngozi kwa kubonyeza bila kusugua kama alivyoonyeshwa. Alipomaliza akasema, "Mama, nimemaliza. Funua uso, utakosa pumzi."

Vifuko vilikwisha. Hospitali ilikuwa navyo viwili tu, na mjini havikupatikana. Nikamwomba katoni ya dawa, nikachora juu yake: duara la sentimita nne, mkanda wa kuzunguka kiuno, mfuko wa nje wa kitenge, na ndani pa kupachika sashe ya plastiki ya kutupa. Akaenda nyumbani usiku, akakaa kwenye cherehani ambayo hajawahi kuikanyaga, akashona. Alirudi na mikanda mitatu. Mishono ilipinda kama njia ya mbuzi, lakini lastiki, ile tuliyoichana kwenye sketi kwa ajili ya barakoa, aliiwekea mshono mara mbili. Haikuvuja. Muuguzi aliita wenzake waione, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaomba mmoja.

Kipande cha uvimbe kilikaa wiki nyingi ndani ya kichupa cha formalini, kwa kuwa ndege zilisimama na mipaka imefungwa. Nilikuwa nyumbani jibu lilipokuja: saratani ya utumbo mpana, lakini haijaingia kwenye tezi walizozipima. Mwaka uliofuata, Februari, nikafunguliwa tena na utumbo ukaunganishwa. Hiyo ilikuwa kazi ndogo ukilinganisha na ya kwanza.

Daktari alikuwa ameniambia jambo moja nililolihifadhi kwa ajili ya yaya. Ugonjwa huu hupenda kutembea ndani ya familia. Ndugu wa tumbo moja na watoto wanapaswa kuangaliwa. Kwenye simu sikuweza. Mpaka ulipolegea, yaya akavuka na ndoo yake ya sambaza. Akanishika mashavu muda mrefu. Tukakaa sebuleni tukiparua samaki, na mwanangu karibu na dirisha akipitisha uzi kwenye sindano ya cherehani, maana sasa alikuwa ameipenda ile kazi.

"Yaya," nikasema, "ukienda choo, huwa unaangalia? Umewahi kuona damu?"

Kisu kikasimama. Akamtupia jicho mtoto, kisha akanitazama mimi, kama mtu anayengoja mwanaume atoke nje.

Mwanangu hakutoka. Alikata uzi kwa meno, akavuta kiti chake karibu nasi, akasema, "Jibu tu, mama mkubwa."