Siku Niliyoyaamuru Maji Yasimame

Saa 11:30 alfajiri nilikuwa mbele ya jiko la mkaa, nikipasha moto sindano ya kutobolea kitako cha chupa ya plastiki. Chupa ya kwanza niliiharibu usiku kwa msumari, kwani tundu likiwa pana hewa hupenya kwa chini huku maji yakitoka, na mazingaombwe hukwisha kabla hayajaanza. Safari hii nilitoboa matundu manne membamba kitakoni na moja kwenye kifuniko, nikaijaribu juu ya beseni, kisha nikashika njia ya shuleni, hapa Nzuguni, Dodoma, katika upepo baridi wa Julai.

Saa 1:00 ilikuwa mstarini na ukaguzi wa usafi. Saa 2:00, hisabati ya Darasa la Tano.

Saa 3:20 niliingia Darasa la Sita kwa vipindi viwili mfululizo vya sayansi. Niliinua chupa iliyojaa, kidole kikiwa kimeziba tundu la kifuniko, nikaamuru: "Maji, simama!" Yakasimama. Nilipoachia kidole kwa siri na kusema "Shuka!", yalichuruzika besenini, na darasa zima likapaza sauti: "Uchawi!" Neno hilo sipendi litoke nalo mlangoni, hivyo nilimwita binti wa dawati la nyuma aje achunguze kitako. Aliona kila tundu limezibwa na tone lililofura, likitetemeka bila kudondoka. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akainua macho.

"Mwalimu, mbona kidole chako kinanyanyuka kila maji yakishuka?"

Swali hilo ndilo nililoliamkia alfajiri. Niligawa chupa, kila kundi likajaribu, ndipo nikaeleza kwamba kifuniko kikizibwa, maji yanapoanza kushuka hewa iliyobaki juu yake hutanuka na kanieneo yake, yaani nguvu inayosukuma kila eneo, hupungua, wakati hewa ya nje inaendelea kuyasukuma kutoka chini.

Kikwazo kikubwa kilikuwa neno "kuvuta". Wanafunzi walisisitiza kwamba hewa ya ndani inayavuta maji, kama wanavyoamini kuwa mdomo huvuta juisi kwenye mrija. Nilisimama hapo hadi kengele ya mapumziko: hewa haivuti, husukuma. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kanieneo ya hewa yetu ni ndogo kuliko ya Dar es Salaam, lakini bado inaweza kushikilia maji yenye kimo cha takribani mita 9, sembuse chupa ya sentimita 25! Mraba wa sentimita 10 kwa 10 hubeba msukumo sawa na uzito wa karibu kilo 90. Mvulana mmoja aliuliza kwa nini basi hatupondeki, wenzake wakajibu kabla yangu kwamba hata miili yetu inasukuma kwa nje.

Saa 9:30 alasiri nilimkuta yule binti kwenye miche ya miarobaini nyuma ya darasa, akiwa na chupa yangu mkononi. Alikuwa akiachia kidole juu ya kila mche, akiziba tena tundu anapohamia mwingine, na tone la maji halikuanguka njiani.