Siku yangu moja kwenye chumba cha giza, Upanga

Saa 11 alfajiri. Natoka Kimara mapema kwa sababu mwendokasi ya saa 12 huwezi hata kuinua mkono ujikune. Nashuka kituo cha Fire, namalizia kwa miguu hadi hospitali ya Muhimbili. Niko mwaka wa pili wa umahiri wa radiolojia, kazi ya kusoma picha za ndani ya mwili, hapa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili. Bibi yangu kule Muheza anawatangazia majirani kwamba mjukuu wake ni mpiga picha wa mjini. Nimechoka kumsahihisha.

Saa 1:30 asubuhi. Kikao. Rezidenti wa zamu, daktari anayesomea ubingwa kama mimi, anaonyesha kazi za usiku, na Prof ananiita mbele nisome siti skani ya kichwa: kijana wa bodaboda, hakuvaa helmeti. Naona weupe pembeni mwa ubongo. Kipimo cha weupe huo kwenye skrini kinasoma 65. Maji ni sifuri, hewa ni hasi 1000, damu mbichi huwa kati ya 50 na 70. Kwa hiyo damu. Nikataja umbo lake kwa kujiamini: "Mwezi mchanga."

Prof akanyamaza. Kwetu ukimya wake unauma kuliko tusi.

"Fuata kingo zake, mwanangu."

Nikafuata. Imevimba pande zote mbili, na imeishia pale pale mifupa ya fuvu inapoungana. Kokwa la embe! Mwezi mchanga ni damu iliyo chini ya utando mgumu wa ubongo. Kokwa la embe limekaa kati ya utando huo na fuvu. Mara nyingi ni ateri imepasuka, na linaweza kukua ndani ya saa chache. Mwenzangu wa zamu alishalisoma sawasawa usiku ule ule, na kijana akaingizwa upasuaji. Ningekuwa mimi zamu je?

Majina hayo, mwezi na kokwa, Prof naye aliachiwa na mwalimu wake, enzi filamu zinaoshwa kwa dawa na kutundikwa zikauke. Kile ndicho kilikuwa chumba cha giza hasa. Chetu ni skrini na taa zilizopunguzwa tu, jina tumerithi.

Saa 3 hadi saa 7. Ultrasaundi, foleni mpaka koridoni. Mama mmoja anashuka kitandani akijipapasa tumbo: "Daktari, mwanga umeingia vizuri, nasikia nafuu." Ultrasaundi haina mwanga wala mionzi, ni sauti tu. Nikamwambia nashukuru kusikia hivyo.

Wali maharage, dakika kumi.

Saa 8 mchana. Hapa ndipo moyo wangu ulipo: kutibu kwa sindano huku picha ikituongoza. Mgonjwa ana saratani ya mlango wa kizazi, uvimbe umebana mirija ya mkojo na figo zinajaa. Sindano inapita mgongoni tukiifuata kwenye skrini, kisha waya, kisha mrija. Hakuna kisu kikubwa. Mwaka 2018 timu kutoka Chuo Kikuu cha Yale zilianza kuja kwa zamu kufundisha kazi hii hapa, na 2019 chuo kikafungua shahada yake ya umahiri. Leo aliyeshika sindano ni Mtanzania, na anayemsimamia ni Mtanzania. Mkojo ulipoanza kutiririka kwenye mfuko, nesi alipiga kigelegele kidogo, cha chini chini.

Saa 10. Wanafunzi wa udaktari wamekuja, na Prof anawachokoza kama kawaida: mwaka 1963 chuo cha udaktari kinaanza Dar, nini kingine kilitokea? Kimya. Mwaka huo Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alichapisha hesabu za kutengeneza picha ya ndani ya mwili kutokana na mionzi. Wazo lilimjia akifanya kazi hospitalini Cape Town. Mwaka 1979 akapata Nobel pamoja na Hounsfield, Mwingereza aliyeunda mashine ya siti skani. "Kwa hiyo msiniambie siti skani ni ya Wazungu wa Ulaya," anasema, anaondoka na kikombe chake.

Saa 1 usiku, nimesimama kwenye mwendokasi, simu inaita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Leo umepiga picha ngapi?"

"Sijapiga hata moja, bibi. Nimekosea moja."