Siku Moja Maishani Mwangu: Mpishi wa Ute wa Mizuka

Saa 10:30 alfajiri

Ute haupikwi kwa pupa, ndiyo maana mimi hufika hata kabla ya malori ya taa. Niko idara ya madoido ya mkono: chochote kinachorushwa, kinachodondoka, kinachofuka au kinachonata mbele ya kamera bila kuchorwa na kompyuta, ni chetu. Jina la filamu sitalitaja, nimetia sahihi karatasi. Niseme tu kwamba ni vichekesho vya mizuka vya miaka ya themanini, watu walivitazama mpaka kanda za video zikachakaa, na sasa studio imeamua kuvianzisha upya kwa sura mpya, pamoja na mzee mmoja aliyekuwamo tangu ile ya kwanza.

Malighafi yetu ni unga mweupe uitwao methilselulosi, huohuo ambao viwanda vya chakula hutumia kukolezea uzito na mafundi wa karatasi za ukutani hutumia kama gundi. Ni unga mkaidi. Vitu vingi huyeyuka kwenye maji ya moto, huu huyeyuka kwenye baridi. Lakini ukiumwaga kwenye baridi moja kwa moja unapata madonge ya kukushinda mpaka jioni. Kwa hiyo unautawanya kwanza kwenye maji ya moto, chembe zilowe bila kuyeyuka, kisha unaongeza maji baridi huku unakoroga polepole hadi mchanganyiko ushikane na kung'aa. Ukikoroga kwa nguvu unaingiza mapovu, na mapovu chini ya taa kali yanamwambia mtazamaji kwamba hii ni sabuni. Mwisho inaingia rangi ya chakula, tone kwa tone. Rangi hiyo imenitafutia ugomvi, nitaifikia.

Saa 12 asubuhi

Mkutano wa usalama. Msaidizi wa kwanza wa mwongozaji anasoma ratiba ya siku: sakafu itateleza, kamba za kuning'inizia zimekaguliwa, mashine ya moshi itawashwa, asiyehusika asikae chini ya mtu aliyening'inia. Kila mara hakosekani mmoja wa kuuliza kama ute unaliwa. Unaliwa. Hauna ladha yoyote na sikushauri.

Saa 1 asubuhi

Mashujaa wetu wanabeba mtambo mgongoni, na kila mtambo una ndugu zake. Upo wa chuma wenye taa na vidude vinavyozunguka, huo ni wa kamera ikisogea karibu. Upo mwepesi wa kukimbia nao. Upo wa mpira wa kuangukia. Mwigizaji akivaa wa chuma asubuhi nzima, ikifika mchana anatembea kwa mgongo uliopinda, na mgongo uliopinda unaonekana kwenye skrini. Kwa hiyo nusu ya kazi yetu saa hizi ni kuvua na kuvisha. Dada wa mwendelezo amesimama pembeni na picha zake akihakikisha kila waya uko upande uleule uliokuwa jana.

Saa 3 asubuhi

Sini ya kwanza: mashujaa wanafungua mlango wa ghala na kukutana na mzuka kwa mara ya kwanza.

Njia ya kawaida siku hizi ni kumwekea mwigizaji mpira wa tenisi juu ya fimbo, umwambie, "Huo ndio mzuka," halafu watu wa kompyuta wamalizie baadaye. Mimi sipendi mpira wa fimbo. Mwigizaji wa vichekesho akiangalia mpira anaanza kuutania mpira. Macho yanakuwa makavu, na mwanga wa mzuka, ambao unatakiwa kumwagika usoni mwake, haupo.

Sisi tumemning'iniza mcheza dansi kwa kamba, amevaa vazi lililoshonewa taa ndogo za LED kuanzia kifuani hadi vidoleni. Si ubunifu wetu. Katika filamu ya vichekesho vya mizuka ya Ghostbusters, ile ya 2016, mwongozaji Paul Feig alifanya vivyo hivyo, mizuka mingi ilikuwa watu halisi waliovaa taa, kisha kompyuta ikaongeza ukungu na kufuta kamba. Faida yake unaiona papo hapo. Mzuka unaposogea, kivuli cha pua ya mwigizaji kinahama, mboni za macho zinapata kinukta cha buluu, na mtu mzima anarudi nyuma hatua moja bila kuambiwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani vichekesho vya mizuka vinahitaji mzuka mcheshi. Mzuka ukijua kwamba unachekesha, sini imekufa. Mcheza dansi wetu ameagizwa afanye kama yuko kwenye filamu ya kutisha kabisa, bila kukonyeza, bila madaha. Wa kuchekesha ni yule anayetetemeka huku anajitahidi kuongea kitaalamu. Ghostbusters ya kwanza, ile ya mwaka 1984 ya Ivan Reitman, ilishika hili tangu sini ya maktaba: kile kizuka cha kizee kinachosoma kitabu hakikuwa na utani hata chembe.

Mwongozaji wetu anapiga kwa kamera mbili zinazotazamana, kila mwigizaji na yake, kwa sababu maneno mazuri hapa hayaandikwi, yanaokotwa. Mmoja akitupa neno ambalo halikuwa kwenye skripti na mwenzake akashindwa kuzuia uso wake, lazima vyote viwili viwe vimenaswa kwa wakati mmoja. Huwezi kumwambia mtu ashtuke upya na neno aliloshalisikia.

Sasa jaribu kuweka ute katikati ya mambo hayo. Mwigizaji akishamwagiwa, basi. Maleba yanabadilishwa, nywele zinaoshwa, vipodozi vinaanza upya, na kundi zima linakaa kusubiri. Maleba yapo ya akiba, ila akiba ina mwisho. Kwa hiyo sheria ni kwamba utani wote wa hiari unapigwa wakiwa wakavu, ute unakuja mwisho. Shida ni kwamba utani bora huja baada ya ute. Mtu aliyelowa ute mpaka masikioni ana ruhusa ya kusema jambo ambalo mkavu hana. Tunalijadili hili kila wiki na hatujapata suluhu, na sidhani kama ipo. Leo mwongozaji ameamua: asubuhi ukavu mtupu, ute jioni, na kamera zisizimwe hata baada ya kuita "Kata!"

Saa 6 mchana

Mzee ameingia. Watu walikuwa wanapiga kelele, wakanyamaza, hata mafundi waliozaliwa baada ya filamu ile kutoka. Amesalimia kila mtu kwa mkono na kuniuliza, "Fundi, siku hizi mnawafungia wapi mizuka?"

Nimemwonyesha kioo. Katika hadithi hii mpya mhusika wake ameshakufa na anarudi kama mzuka, na badala ya kumpiga peke yake miezi mitatu baadaye mbele ya kitambaa cha kijani ili kompyuta imbandike kwenye picha, tunatumia hila kongwe. Desemba 1862, katika Royal Polytechnic jijini London, John Henry Pepper aliwaonyesha watu mzuka jukwaani kwa kutumia kioo kikubwa kilicholazwa nyuzi 45. Pembeni, pasipoonekana, kuna mtu kwenye chumba cheusi aliyemulikwa taa. Sura yake inaakisiwa kwenye kioo na watazamaji wanamwona akielea katikati ya wazima, huku vitu vilivyo nyuma yake vikionekana kupitia mwili wake. Punguza taa, mzuka unafifia. Ongeza, anarudi.

Ina masharti. Kamera haisogei, kwa sababu ukiihamisha kidogo mzee anatoka kwenye kiti alichotakiwa kukikalia. Chembe moja ya vumbi kwenye kioo inakuwa nyota angani. Mtu wa picha za kompyuta alisimama nyuma yangu akihema, akiwaza jinsi ambavyo yeye angeimaliza hii mezani.

Halafu tukapiga. Mzee yuko kwenye chumba cheusi hatua chache tu kutoka kwa kijana anayemwigizia mjukuu wake, kwa hiyo anasikia kila pumzi yake. Kijana akavuta sentensi, mzee akamkatiza pale pale panapouma, kijana akajikuta anajibu kama mjukuu kweli. Kichekesho ni suala la nusu sekunde. Nusu sekunde hiyo huipati ukimpiga mmoja leo na mwingine miezi mitatu baadaye. Jamaa wa kompyuta akacheka kwa sauti akaharibu teki, kile kipande tulichokuwa tunakipiga, na hakuna aliyemlaumu.

Saa 8 mchana

Chakula. Mezani kwetu mazungumzo ni yaleyale, mashabiki. Kila studio inayofufua kitu cha zamani inaikumbuka trela, yaani video ya kuitangaza filamu, ya Ghostbusters ya 2016, iliyokuwa wakati ule trela ya filamu iliyochukiwa kuliko zote YouTube kwa kura za kutopenda, wakati filamu yenyewe haijaonekana na mtu. Ilitengenezwa kwa dola milioni 144 hivi, ikaingiza takribani milioni 229 duniani kote, na kwa hesabu za studio, ukiongeza matangazo na mgao wa kumbi za sinema, hiyo si faida. Mfululizo ukarudishwa mwaka 2021 na Jason Reitman, mtoto wa Ivan, safari hii kama hadithi ya wajukuu kurithi mtambo wa babu. Unaona na sisi tuna mjukuu. Mtayarishaji anaapa kwamba imetokea tu.

Saa 9 alasiri

Kikao cha rangi ya ute. Kwenye filamu ya kwanza, hii tunayoifufua, kila shabiki anakumbuka ute wa kijani kibichi. Studio ilipoufungua mkanda wenyewe wa filamu na kuuchanganua upya kwa ubora wa 4K, ute ukatokea ni wa rangi ya uji uliochacha, umejaa njano. Kijani kilitoka kwenye kanda za video na televisheni za enzi zile. Kwa hiyo tufuate kilichopigwa au kinachokumbukwa?

Mpigapicha mkuu anataka ukweli wa mkanda. Watu wa masoko wanataka kijani kwa sababu wanasesere wameshaagizwa, na hiyo ndiyo lugha yao. Mimi nilileta ndoo mbili na uso wa mtu. Ute wa njano kwenye ngozi unafanana na ugonjwa, watu watakunja uso badala ya kucheka. Wa kijani hauna cha kufanana nao mwilini, macho yanakubali haraka kwamba ni wa kuzimu. Nilipiga kura ya kijani, nikaongeza tone la njano ili mpigapicha asiniachie kinyongo. Hakuridhika.

Saa 11 jioni

Ute. Mtungi wa hewa una presha ndogo, mdomo wa bomba unalenga kifua, usoni kamwe, kwa sababu jicho halina akiba. Ute wenyewe tumeupasha uvuguvugu tu, maana ukipata moto zaidi unaganda mabonge. Mwigizaji ameziba masikio kwa pamba. Aksheni, mzuka wa taa unafungua mdomo, ninabonyeza.

Umemfunika mpaka kwenye nyusi. Ameduwaa kwa muda mrefu kuliko skripti inavyoruhusu. Mwongozaji ameita "Kata!", kamera hazijazimwa, na mwigizaji, akidhani kazi imeisha, akamgeukia mwenzake mkavu na kumwambia kwa upole kabisa, "Dada, niambie kama kuna kitu usoni."

Huwezi kukiandika kitu kama hicho. Nusu ya kundi imebaki imeshika mbavu, fundi wa sauti amevua vipokea sauti.

Baada ya hapo ni kuoga, na kelele zinazosikika kutoka bafuni ni kwa sababu ya maji baridi. Tulishamwonya: ukienda na maji ya moto ute unagandia kwenye nywele.

Saa 2 usiku

Chumba cha uhariri, kwa dakika chache. Mhariri amezipanga teki za leo na kuweka ile ya "kitu usoni" mwishoni mwa sini. Inafanya kazi, ila kuna tatizo ambalo sikulitegemea: ute ukitua kifuani hautoi sauti. Kweli, hautoi. Unasikia pumzi ya mtungi, kisha kimya, na kwenye ukumbi wa sinema kimya hicho kitaua kicheko.

Fundi wa sauti ameniomba nimsaidie kesho kabla ya kamera hazijafika. Hataki ute. Anataka mataulo yaliyolowa, sakafu ya saruji na mtu mwenye mkono mzito.