Omoni mwa USS Slater

Treni ya kutoka New York kwenda Albany hufuata ukingo wa Mto Hudson karibu njia nzima. Kaa upande wa kushoto. Ukikaribia Beacon utaona kisiwani magofu ya ghala la Bannerman, mfanyabiashara aliyehifadhi humo silaha na baruti za vita vilivyokwisha. Nilifurahi kuyaona, maana mimi mwenyewe nilikuwa naifuata silaha ya zamani.

Stesheni iko Rensselaer, ng'ambo ya mto. Unavuka daraja, na kule chini gatini imefungwa USS Slater, manowari ya kusindikiza misafara iliyoshushwa majini mwaka 1944. Baada ya vita iliwatumikia Wagiriki hadi 1991, ikarudishwa Marekani, na watu wa kujitolea wakaifufua kwa mikono yao.

Wageni wengi hupiga picha mizinga ya inchi tatu. Mimi nilitaka kilicho nyuma ya mzinga wa mbele: Hedgehog, fito fupi 24 za chuma zilizosimama safu safu kama miiba, kila moja ikivishwa bomu la kilo 30 hivi.

Silaha hii ililetwa kutibu upofu. Nyambizi ilisakwa kwa sauti: sona inatuma mlio, mwangwi ukirudi unajua adui yuko wapi. Lakini meli ikimkaribia sana, adui hupita chini ya ule mlio na mwangwi hupotea. Mabomu ya kina, yaani yanayolipuka yakifika kina yalichopangiwa, yalidondoshwa tezini, nyuma ya meli, ikiwa imeshampita, kwa kukisia tu. Mlipuko nao uliyavuruga maji hata sona isisikie kitu kwa dakika nyingi, na nahodha hodari wa nyambizi alizitumia dakika hizo kutoroka. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walishajaribu mizinga mifupi ya kurusha mabomu ya kulipukia majini, ila hawakuwa na sona ya kuilenga.

Hedgehog, ambayo pia ni kazi ya Waingereza, ilirusha mabomu yake mita 200 hivi mbele ya omo, adui akiwa bado anasikika. Yalianguka kwa duara na hayakulipuka mpaka yagonge kitu. Yakikosa, maji yanatulia na msako unaendelea. Kwa hesabu za Waingereza, mabomu ya kina yalizamisha nyambizi moja kwa kila mashambulizi 60 hivi. Hedgehog, moja kwa kila mashambulizi sita hivi. Mei 1944, USS England ilizamisha nyambizi sita za Kijapani ndani ya siku 12 kwa silaha hii.

Kisha tukapelekwa tezini, kwenye reli za mabomu ya kina, na hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa tangu nilipokata tiketi. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo. Ndani yake walikuwamo askari wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. Ilizama chini ya dakika mbili. Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakiogelea, na manowari Petard, ikihofia meli nyingine za msafara, ikadondosha mabomu ya kina palepale. Kati ya watu 1,511 waliokoka 214 tu.

Simlaumu nahodha yule. Lakini nikiwa nimesimama kati ya reli zile, niliona wazi tofauti ya bomu linalolipuka likifika kina lilichopangiwa na bomu linalosubiri kugonga chuma.

Nilimsimulia kiongozi wetu habari hii. Hakuwahi kuisikia. Aliniomba nimwandikie jina la meli, tarehe na kikosi, nami nikamwandikia yote kwa herufi kubwa.