Nilivyoipanga aao ya masaa 24, saa ya Kiswahili ikanipiga chenga

Mimi ni fundi umeme wa hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ni pampu, vyumba vya baridi vya samaki, kufunga VFD (kifaa cha kubadilisha spidi ya mota), mambo hayo hayo ya kila siku. Mwaka jana nikaitwa upande wa Igombe kwa watu wanaozalisha vifaranga vya sato wa kupeleka kwenye vizimba ziwani. Wana matenki ya zege ya nje, maji ya kijani kabisa, na blowa mbili za kupulizia hewa ambazo zilikuwa zinazunguka spidi moja usiku na mchana na bili ya umeme ilikuwa inawatoa jasho. Na ukifikiria kidogo haina maana, kwasababu mchana jua likiwaka ule mwani wenyewe unatoa oksijeni, usiku ndio unageuka nao unavuta kama samaki, so oksijeni inashuka taratibu mpaka alfajiri kabla jua halijatoka inakuwa chini kabisa. Kwahiyo kinachotakiwa ni kila saa na spidi yake, namba 24, basi.

PLC, ile kompyuta ndogo ya kuendeshea mitambo, walikuwa nayo tayari, na nikaitengenezea programu ndogo, ina rejista 24 za kuhifadhi spidi, inaangalia saa yake ya ndani, inachukua rejista ya saa hiyo inaipeleka VFD. Kilichobaki ni kitu cha kumwezesha msimamizi abadilishe zile namba bila kuniita mimi na laptopu. Hapo ndo nikaleta EPICS, programu ya kuendeshea mitambo kupitia kompyuta.

Najua mtacheka. EPICS ilizaliwa Marekani kule Los Alamos na Argonne kwa ajili ya mashine za kurushia chembe, na mpaka leo inaendesha maabara za namna hiyo na madarubini makubwa, sasa mimi naileta kwenye tenki la vifaranga, ni kama kubebea mchicha kwa Fuso. Lakini ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta ndogo isiyokula umeme, na mimi nilikuwa nimeshaichezea nyumbani miezi kadhaa nikaipenda. Nikasema potelea mbali.

Kwa asiyeijua, kwenye EPICS kila kitu ni rekodi iliyoko kwenye databesi, na databesi inabebwa na programu inaitwa IOC. Ukitaka kutoa namba moja nje unatumia rekodi ya ao. Ukitaka kutoa safu nzima ya namba kwa mpigo unatumia aao. Mwanzoni nilifikiria kuweka ao 24, kila saa na ya kwake, halafu nikaona hapana, nataka mpango wote ubadilike kwa pamoja, sio umebadilisha nusu mara network inakatika, nusu mpya nusu ya zamani. Kwahiyo aao moja.

Nikaiandika haraka haraka usiku nikiwa nyumbani, jina, DTYP (aina ya kifaa) ya Soft Channel yaani bila kifaa chochote, OUT (namba ziende wapi), nikawasha. Nikatuma namba 24 kwa caput (amri ya kutuma) na ile alama ya -a ya safu, nikasoma kwa caget (amri ya kusoma), inaniletea kimoja tu. Nikabaki naitazama skrini. Nilikuwa sijajaza NELM (safu ina vitu vingapi) wala FTVL (ni vitu vya aina gani). Usipojaza NELM inachukua 1, na usipojaza FTVL inachukua STRING, maana yake rekodi yako ni safu ya kitu kimoja na hicho kitu chenyewe ni neno, sio namba. Na hivi viwili huwezi kuvibadilisha IOC ikiwa inatembea, kwasababu nafasi kwenye memori inatengwa pale mwanzo inapowaka, sa ukikosea unarudi kwenye faili unarekebisha unawasha upya. Nikaweka NELM 24 na FTVL LONG, yani namba nzima, ikakaa sawa.

Humo njiani nilipoteza siku nzima kwa kosa la kusoma ushauri wa watu. Kila ukitafuta shida ya safu kwenye EPICS unaambiwa ongeza EPICS_CA_MAX_ARRAY_BYTES (ukubwa wa safu unaoruhusiwa kupita kwenye network), na mimi nikaongeza, nikawasha upya, nikaongeza tena. Kiwango chake cha kawaida ni baiti 16384. Namba zangu 24 za LONG ni baiti 96. Yani hata robo ya robo sijafika, shida ilikuwa kwingine kabisa ila sikukaa chini nikapiga hesabu. Hiyo kitu ni ya watu wenye safu ya maelfu, sio mimi na matenki yangu.

Sasa muundo wenyewe. Sikutaka aao iongee na PLC moja kwa moja. Nilitaka mpango ukae sehemu moja na mlango wa kwenda nje ukae sehemu nyingine, ili nikiwa nafanya matengenezo nafunga mlango tu kwa kuweka DISA 1 na mpango unabaki salama. So aao inashika mpango, OUT yake inaelekea kwenye rekodi ya waveform (nayo inashika safu) yenye DTYP ya asynInt32ArrayOut, na hiyo ndio inaongea Modbus, lugha ya mitambo, na PLC kwa fankisheni namba 16, ile ya kuandika rejista nyingi kwa pamoja. Ujumbe mmoja wa fankisheni hiyo unabeba mpaka rejista 123, kwahiyo 24 zinapita kwa mkupuo mmoja bila kubanana.

Nikaenda saiti nikafunga. Natuma namba, aao inasoma sawa. Naangalia waveform, nayo ina namba zote 24, nzuri kabisa. Naangalia PLC, sifuri tupu. Nikabadilisha waya. Nikapima. Nikawasha upya PLC. Nikamtukana aliyetengeneza waya (ni mimi). Saa mbili zimepita, mzee msimamizi ananiangalia tu kakaa kwenye ndoo anamenya karanga, ananiambia "fundi, pumzika kwanza ule." Nikala ugali na sato wake wa kukaanga hapo hapo, na nikiwa nanawa mikono ndio ikanijia: kwenye OUT nimeandika jina la waveform lakini sijaandika PP.

Hii nieleze vizuri kwasababu inaua watu wengi. Wewe mwenyewe ukituma namba kwa caput kwenye VAL ya rekodi ambayo SCAN yake ni Passive (inakaa kimya mpaka iamshwe), rekodi inapokea na inafanya kazi yake pale pale. Lakini rekodi ikimtumia rekodi mwenzake kwa linki, haiko hivyo. Usipoandika PP mwisho wa linki, namba inawekwa tu pale, kama mtu amekuachia mzigo mlangoni bila kubisha hodi, mwenye nyumba hana habari. Ndio maana waveform ilikuwa na namba zote na PLC haina hata moja, namba zilifika, waveform haikuambiwa amka fanya kazi. Nikaongeza herufi mbili, PP, nikawasha, rejista zikajaa zote kwa mpigo.

Zikajaa, ila zimeteleza kwa nafasi moja. Kitabu cha PLC kinasema rejista ya kwanza ni 40101, mimi kwenye Modbus nikaweka mwanzo 101. Hapana, 40001 ni anwani 0, kwahiyo 40101 ni anwani 100. Hii nilikuwa naijua tangu zamani na bado nikakosea, dakika tano nikamaliza.

Jingine kabla sijafika kwenye lenyewe. Aao haina vitu vya usalama ambavyo ao inavyo. Ao ina DRVH na DRVL, ukituma namba kubwa kuliko DRVH inaibana. Aao hamna. Ina HOPR na LOPR lakini hizo ni za kuonyesha kwenye skrini tu, hazizuii kitu, mimi niliweka HOPR 500 nikajiona nimelinda kumbe nimepamba. Haina hata kizidishio kama ASLO ya ao. Mimi rejista zangu zinabeba Hz mara kumi, yani 425 ni Hz 42.5, so kuzidisha nikakuweka kwenye skripti ya Python, na ulinzi nikauweka sehemu mbili, kwenye PLC na kwenye VFD yenyewe ambayo nimeifungia isipite Hz 50. Kuna siku mtu aliongeza sifuri kwenye namba moja na hakuna kilichotokea kwasababu ya hiyo.

Haya. Mpango wenyewe aliuandika mzee kwenye karatasi ya daftari, kwa peni nyekundu, mistari 24, saa na spidi. Mzee ni mtu wa samaki miaka mingi na anajua hewa ya matenki yake kuliko kipimo. Nikachukua namba kama zilivyo, juu mpaka chini, nikatuma. Nikaona PLC imepokea zote 24, nikaaga, nikapanda daladala nikarudi mjini roho kwatuu.

Saa kumi na nusu alfajiri simu inaita. Hata shikamoo yangu hakuipokea, "fundi hawa watoto wako juu wote." Nikachukua bodaboda giza hilo mpaka Igombe. Kufika, namulika tenki kwa tochi ya simu, vifaranga wamepanda wote juu ya maji, midomo wazi, wanahema, maji yanametameta kwa midomo tu. Na blowa inazunguka kivivu, naangalia VFD, Hz 20. Hz 20 saa kumi alfajiri! Nikaipeleka mkono mpaka 45 nikasimama hapo mpaka wakaanza kushuka. Wachache walikufa, sio wengi, lakini mzee aliwaokota mmoja mmoja kwa kichujio bila kusema neno na hiyo iliniuma kuliko angenigombeza.

Kulipokucha akaniambia kitu kimoja tu, "jana saa tatu usiku ilikuwa inanguruma kama ndege, nikajua umeweka makusudi." Nikaomba ile karatasi. Mstari wa kwanza: saa 1. Saa 1 asubuhi bana! Mzee kaanza siku pale mtu yeyote wa hapa anapoanzia siku, saa moja asubuhi, akashuka mpaka saa 12 jioni, akaanza tena saa 1 usiku mpaka saa 12 alfajiri. Na PLC inaanza siku yake saa sita usiku, na nafasi ya kwanza kwenye safu ni 0, yani ndio saa sita usiku. Kwahiyo kila kitu kimesogea masaa saba. Saa kumi alfajiri PLC inachukua nafasi ya 4, na pale nimeweka mstari wa tano wa karatasi, ambao ni saa tano asubuhi, jua kali, blowa polepole. Na ile spidi kubwa ya saa kumi alfajiri, mstari wa 22, imekaa nafasi ya 21, ambayo ni saa tatu usiku. Ndio ngurumo ya mzee. Rekodi haina kosa, PLC haina kosa, karatasi haina kosa. Aao haijui saa, inajua nafasi tu.

Nilimwonyesha mzee hivi: nikaichana karatasi chini ya mstari wa 17, kile kipande cha chini chenye mistari saba kuanzia saa sita usiku nikakiweka juu ya kile kikubwa. Nikamwambia hivi ndivyo mashine inavyosoma. Akaangalia, akasema "kwahiyo siku yake inaanza watu wamelala." Ndio mzee. Kwenye skripti ikawa ni mstari mmoja, chukua safu kuanzia nafasi ya 17 mpaka mwisho halafu ongeza za mwanzo mpaka kabla ya 17, na mzee anaendelea kuandika kuanzia saa moja kama kawaida yake, sikutaka kabisa kumbadilisha, tungerudi kule kule.

Skripti hiyo hiyo nikaiwekea sharti, zisipokuwa 24 kamili haitumi. Hii ni kwasababu nilipokuwa najaribu nilituma 12 tu kwenye aao ya 24 na haikulalamika hata kidogo, NORD yake (idadi ya namba zilizomo) ikawa 12, zikaenda 12 PLC, na zile rejista nyingine 12 zikabaki na namba za zamani. Mpango nusu nusu, kile kile nilichokuwa nakikimbia mwanzoni. Sasa hivi skrini inaonyesha NORD kwenye kona, ikiwa sio 24 inakuwa nyekundu.

La mwisho lilikuwa umeme kukatika. Rejista za PLC hazikuwa zimewekwa kutunza, na IOC ikizima aao inasahau kila kitu. Nikaweka autosave, inayohifadhi namba na kuzirudisha IOC ikiwaka, na hapo pia kuna mtego, safu haiwezi kurudishwa kwenye awamu ya 0 ya kuwaka kwasababu memori yake bado haijatengwa, lazima awamu ya 1. Halafu PINI ya aao ikawa YES ili IOC ikiwaka tu mpango uliorudishwa usukumwe mpaka PLC wenyewe. Tukajaribu na mzee, nikamwambia shusha swichi kubwa. Akashusha, kimya kote mpaka ukasikia mawimbi. Akapandisha. Kompyuta ikachukua muda wake kuwaka, mzee ananiangalia, mimi naangalia skrini, NORD 24, na blowa zikapanda taratibu mpaka Hz 22.5, ilikuwa saa nne asubuhi na kwenye karatasi yake saa nne ni 22.5.